Marubani Thelathini na Wanane Waliougua Siku Moja

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana nitaeleza kwa ufupi, maana aibu yangu mwenyewe sipendi kuirudia kwa urefu.

Mimi ni rubani, kapteni wa ndege za abiria. Kazini wananiita Kifungu. Wanasema siwezi hata kuomba chumvi mezani bila kutaja kifungu kinachoniruhusu. Kampuni yetu ilifilisika, akaletwa mfilisi, mtu mpole mwenye sauti ya chini, akatutaka marubani wote tukubali kukatwa karibu nusu ya mshahara kwa muda. Muda wenyewe hakuutaja. Kugoma tulikuwa tumeshakatazwa na mahakama.

Basi mimi, kwa akili zangu timamu, nikaja na wazo. Kitabu chetu cha taratibu kina kifungu kinachosema rubani akiona akili yake haijatulia, ajaze fomu namba tisa, aipeleke kwa daktari wa marubani, na siku hiyo asirushe ndege. Huo si mgomo. Huo ni utaratibu. Nikawaambia wenzangu tujaze wote siku moja, ndege zilale, mfilisi aje mezani.

Wakaniomba niwasomee maneno ya kuandika. Sasa, rubani hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba akisomewa agizo na mnara, alirudie neno kwa neno, asipunguze wala asiongeze. Nikasoma: "Silali, mikono inatetemeka, na mke wangu ananisikia nikiongea peke yangu." Thelathini na wanane wakaandika hivyo hivyo. Watatu kati yao ni wanawake.

Daktari aliziamini fomu zote. Alizipeleka kwenye mamlaka inayotupa leseni, na mamlaka ikavisimamisha vyeti vya afya kwa miezi sita ili watu watibiwe. Rubani asiye na cheti cha afya haruki, na kwa mkataba wetu asiyeruka kwa sababu ya maradhi ya akili halipwi hata nauli. Tulikataa kukatwa nusu, tukakatwa yote.

Niliishia pale niliposimama mbele ya ubao wa matangazo, naisoma orodha ya waliosimamishwa, na jina langu silioni.

Aliyesimama ubavuni kwangu alikuwa Twiga.

Twiga ni mwenyekiti wa chama chetu cha marubani. Tunamwita hivyo kwa ajili ya shingo. Ndiye aliyenifundisha kutua wakati upepo unapiga ubavuni, ndiye aliyenisimamia siku ya harusi yangu, na wanangu wanamwita baba mkubwa. Ana miaka sitini na minne na miezi saba. Rubani wa abiria akifikisha sitini na mitano anashuka, hata kama bado anasoma gazeti bila miwani. Kwa hiyo Twiga alikuwa amebakiwa na miezi mitano, na cheti chake kimesimamishwa kwa sita.

Safari yake ya mwisho ilikuwa imeshapangwa. Mkewe na wajukuu tisa wangekaa viti vya mbele. Hilo kila mtu kazini alilijua, maana alikuwa hazungumzii jambo jingine.

"Kifungu," alisema bila kugeuka. "Jina lako liko wapi?"

"Ndilo ninalolitafuta."

"Litafute vizuri."

Nikalitafuta vizuri. Nikalitafuta kwa herufi, nikalitafuta kwa namba ya mfanyakazi, nikafunua karatasi nikalitafuta nyuma.

"Labda wamelisahau," nikasema.

"Wawakumbuke thelathini na wanane, wakusahau wewe uliyetusomea?"

Mmoja nyuma yetu, mtu mwema sana, akaninyooshea kalamu. "Liongeze tu kwa mkono, Kapteni. Pale chini pana nafasi."

Nakiri kwamba niliipokea ile kalamu.

Twiga akanishika mkono. "Acha. Hiyo ni hati ya mamlaka. Tumeshaandika vya kutosha."

Akatoka. Na wengine wakatoka, mmoja mmoja, kila mtu akijitia ana haraka ya kwenda mahali. Thelathini na wanane, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mahali pa kwenda.

Nyumbani nilimkuta mke wangu ameingiza miguu kwenye beseni la maji ya moto. Yeye ni muuguzi, na siku hiyo alikuwa ametoka zamu.

"Fomu yangu haikufika kwa daktari," nilimwambia kabla hata ya salamu.

"Najua."

"Unajuaje?"

"Ninayo mimi."

Hapa lazima nieleze. Fomu za wenzangu nilizikusanya nikampa Twiga azipeleke. Ya kwangu niliitia kwenye bahasha, bahasha nikaitia mfuko wa ndani wa koti, ili niipeleke mwenyewe baada ya wote. Kapteni hushuka wa mwisho. Ndivyo tulivyolelewa. Asubuhi yake niliipeleka ile bahasha, nikampa karani kwa mikono miwili, kifua mbele.

"Niliipeleka mimi mwenyewe," nikasema.

"Ulipeleka bahasha. Ndani nilitia maelekezo ya kufunga feni ya sebuleni."

"Feni?"

"Niliona tupu ingekuwa nyepesi, ungeshtuka."

Nikakaa chini. Mke wangu akaongeza maji ya moto, akajikanda kisigino.

"Miaka ishirini na sita naandika kwenye mafaili ya watu," alisema. "Najua neno likishaingia kwenye faili linakaa. Mtu akija miaka kumi baadaye na mafua tu, daktari anafungua, anasoma: huyu huongea peke yake. Nikaona bora ugombane na mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia Jumanne. Ukanijibu kwa kifungu cha kumi na nne."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimekisoma chote.

"Wenzangu watasema nimewauza."

"Watasema," alisema mke wangu. "Nipe taulo."

Nikampa taulo. Nilikuwa na hasira naye, na nilijua kabisa kwamba bila yeye ningekuwa namba thelathini na tisa kwenye ile orodha, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kuzungumza.

Kesho yake mfilisi akaniita.

Siku hizi anakaa kwenye ofisi ya aliyekuwa mkurugenzi. Kila kitu mle ndani amekibandika namba, tayari kwa mnada: meza, kabati, saa ya ukutani, ndoo ya taka. Ile ndege ndogo ya mbao iliyokuwa juu ya meza ni namba tisini. Zile za kweli sijui wamezibandika wapi.

"Karibu, ndugu yangu. Kaa popote."

Nikakaa.

"Nimefurahi kukuona mzima."

"Nashukuru."

"Maana uliye mzima ni wewe peke yako." Akapanga karatasi zake zikawa sawa. "Nimeamua nikufanye mkuu wa marubani wote."

"Marubani gani?"

Akafikiri kidogo. "Kwa sasa, wewe."

Akanieleza kwa upole ule ule. Jumatatu wanakuja marubani wa kukodi kutoka nje. Sheria inataka mkufunzi wa kampuni, mwenye leseni na cheti cha afya, awapime kwenye njia zetu na kuwatilia sahihi. Mimi ni mkufunzi. Cheti ninacho.

"Bila sahihi yako hawaruki," alisema. "Kwa sahihi yako wanaruka, na hao wenzako siwahitaji tena, wagonjwa au wazima. Na mshahara wako haukatwi hata senti."

Nikamuuliza kuhusu Twiga. Nilisema tu jina, akajua.

"Yule mzee wa wajukuu? Ananisikitisha sana," alisema, na naamini alimaanisha, kwa sababu aliisogeza ile ndege ya mbao kidogo kabla ya kuendelea. "Lakini miezi sita ni mingi kuliko mitano. Hilo si langu wala si lako."

Hapo angekuwa mtu mwingine angegonga meza. Mimi nilisema, "Naomba mpaka kesho saa nne." Kwa kuwa nilikuwa mtu wa kuomba muda, nikauomba.

"Chukua," alisema mfilisi.

Kutoka ofisi yake hadi chumba cha marubani ni ngazi mbili. Nilipofika chini, tangazo lilikuwa limeshabandikwa: jina langu, na mbele yake "Mkuu wa Marubani". Gundi ilikuwa bado mbichi. Mle chumbani kila rubani ana kikombe chake, kinaning'inia ukutani kwenye msumari wake. Cha kwangu kilikuwa mlangoni, juu ya kipangusio cha miguu.

Walikuwepo kama kumi hivi, wamekuja kuchukua vitu vyao kwenye makabati. Nikawaambia, "Jamani, sijakubali."

Nikainama nikachukua kikombe changu, na nilipoinama nikasikia mtu mmoja anacheka kwa pua. Niligundua nilipofika kwenye gari. Kibandiko cha kiti cha mfilisi kilikuwa kimenasa kwenye suruali yangu, nyuma, katikati kabisa. Mia mbili na kumi na mbili.

Basi nikakata shauri kwenda kwa daktari mwenyewe.

Daktari wa marubani ni mama mtu mzima, mwembamba, ambaye sijawahi kumwona akitabasamu. Juu ya meza yake hakuna kitu ila kalamu mbili na miwani ya akiba.

"Wewe ndiye wa feni," alisema.

"Ndiyo, Daktari. Ilikuwa bahati mbaya."

"Niliyasoma yote, mpaka kwenye skrubu. Nilidhani unajaribu kuniambia jambo."

Nikamwomba radhi. Kisha nikamwambia, kwa kuzungukazunguka, kwamba huenda wale wenzangu si wagonjwa kama wanavyoonekana kwenye karatasi. Huenda waliandika kwa hasira tu. Mshahara unakatwa, mtu anaandika.

"Kapteni, mimi sichezi na fomu."

"Lakini Daktari, uliona. Marubani wanawake watatu wameandika kwamba wana mke."

"Niliona. Hao nikawawekea alama ya dharura."

Yeye akavaa miwani.

"Nikueleze, maana naona unaumia," alisema. "Kama walikuwa wagonjwa, watatibiwa miezi sita. Kama hawakuwa wagonjwa, basi wametoa maelezo ya uongo kwenye hati ya usalama wa anga, na hapo hatuzungumzii cheti tena, tunazungumzia leseni. Inakwenda, hairudi. Uwachagulie: wagonjwa au waongo?"

"Hakuna la tatu?"

Nadhani hakuwa amewahi kuulizwa swali hilo. Alisimama, akatoa kitabu kwenye kabati, akasoma ukurasa mzima huku kidole kikitembea. Nilimpenda kidogo kwa ajili ya kile kidole. Ni mtu wa vifungu kama mimi.

"La tatu lipo," alisema. "Kama hawakujua wanaandika nini. Mtu amewaandikisha, wao wanadhani ni kitu kingine, labda zoezi, labda mtihani. Hapo fomu ni batili, na vyeti vinarudi siku hiyo hiyo. Wote."

"Na huyo mtu?"

"Huyo aje mwenyewe, kwa maandishi, peke yake. Leseni yake aiage."

Nilitoka pale nikipiga hesabu. Nina miaka hamsini na miwili. Nilikuwa nimebakiwa na miaka kumi na mitatu ya kuruka, na sijui kazi nyingine yoyote. Ukinipa jembe, nitauliza swichi iko wapi.

Saa kumi jioni nikaenda kwa Twiga.

Mkewe ndiye aliyefungua geti. Kwa miaka ishirini na zaidi, shemeji huyu hajawahi kunifungulia bila kunivuta mkono ndani. Safari hii alisimama katikati ya geti.

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo. Yupo nyuma."

Akanipisha nafasi ya kupita mtu mmoja, kwa ubavu.

Twiga alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, anapiga rangi viatu vyake vya kazi. Kwenye kamba ya nguo lilikuwa limetundikwa gauni jipya la shemeji, la rangi ya bluu, bado lina pini za fundi kwenye pindo. Nikajua ni gauni la safari ipi. Nikatazama pengine.

"Kaka, sikukusaliti," nikasema. Nikamweleza habari ya bahasha. Nikamweleza habari ya feni.

Alicheka. Alicheka mpaka akaweka kiatu chini. "Mkeo ana akili kuliko chama kizima," alisema. "Sina lawama na wewe, Kifungu."

Afadhali angenitukana.

"Nitalirekebisha," nikasema.

"Ukirekebisha tena tutakwenda jela."

"Ipo njia. Daktari ameniambia."

Nikamweleza la tatu. Nilimweleza lote, kama ninavyoeleza mambo, kwa mpangilio, kuanzia ukurasa mpaka adhabu. Alikuwa anapiga brashi pole pole.

"Kwa hiyo mmoja anaanguka, wengine wote wanaruka," alisema.

"Ndiyo."

"Na huyo mmoja lazima awe nani?"

"Yeyote aliyewaandikisha. Atakayeandika barua akasema ni yeye."

"Haulizwi shahidi?"

"Haulizwi. Barua inatosha."

Twiga akainua kiatu akakitazama kwenye mwanga. "Nenda nyumbani, ndugu yangu. Unaonekana umechoka."

Niliagana naye nikaenda. Niliona kama amepunguza uzito moyoni, na nikajisifu njia nzima kwamba angalau nimempa matumaini. Sikumwambia kwamba barua nitaiandika mimi. Nilitaka aamke asubuhi akute cheti chake kimerudi, avae vile viatu, basi.

Nyumbani nilimwambia mke wangu.

Hakupiga kelele. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja shati lile lile mara tatu.

"Mimi nilitoa karatasi moja mfukoni mwako ili leseni ibaki," alisema. "Sasa unaipeleka mwenyewe."

"Ni mimi niliyewasomea. Twiga amebakiwa na miezi mitano tu."

"Na sisi?"

"Sisi tutaona."

"Tutaona," alirudia. Akalala chali kitandani na nguo zake juu ya tumbo, akatazama dari. Nikadhani analia. Nilipotazama, alikuwa anafikiri. Akasema, "Unampenda yule mzee kuliko unavyojipenda."

"Ndiyo."

"Basi andika vizuri. Useme uliwaambia ni zoezi la kurudia maneno. Hilo mtu yeyote anayewajua marubani ataliamini."

Nampenda mwanamke huyu. Sijawahi kumwambia vizuri, na hata siku hiyo nilichosema ni, "Kalamu iko wapi?"

Niliandika ukurasa mmoja. Niliandika kwamba mimi, mkufunzi, niliwakusanya wenzangu thelathini na wanane nikawaambia ni zoezi la kusikiliza na kurudia. Kwamba nilikunja kichwa cha fomu wasikione. Kwamba hakuna aliyejua, hata mwenyekiti. Kwamba kwa sababu hiyo yangu sikuijaza. Nilipoisoma tena, nilishangaa ilivyopangika. Ile feni, iliyokuwa aibu yangu, sasa ilikuwa ushahidi.

Asubuhi mke wangu alinipigia pasi shati jeupe, kola mara mbili, kama siku ya safari ndefu. Aliniangalia mpaka nikatoka getini.

Nilifika kwa daktari saa tatu kasorobo. Karani aliipokea barua yangu, akaigonga muhuri, akaandika saa kwenye daftari, akanitaka nitie sahihi. Nikatia. Mkono haukutetemeka. Alipoandika mstari wangu, niliona mstari wa juu yake nao ni wa asubuhi ile ile, lakini aliufunika kwa kiganja.

"Unaitwa ndani," alisema.

Daktari aliisoma barua yangu akiwa amesimama. Alipomaliza, akaketi. Akavua miwani, akavaa ile ya akiba, akaisoma tena.

"Hakuna aliyejua?" aliuliza.

"Hakuna."

"Hata mwenyekiti wenu?"

"Huyo ndiye niliyemficha zaidi."

Akafungua droo. Akatoa barua nyingine, imegongwa muhuri ule ule. Saa mbili na dakika tano.

Niliujua mwandiko kabla hajaigeuza. Ndio mwandiko uliojaza vitabu vyangu vya mafunzo nilipokuwa na miaka ishirini na mitano.

"Nikusomee?" alisema daktari, na hakungoja. "'Mimi, mwenyekiti wa chama cha marubani, niliwaandikisha wenzangu fomu hizi nikiwaambia ni zoezi la kurudia maneno. Walinitii kwa sababu wamezoea kunitii. Kapteni mmoja tu aligundua, akakataa, akanionya mbele ya mke wangu. Ndiyo maana fomu yake hamtaiona. Yeye mumwache aendelee kuruka, kwa kuwa kazi anaijua na vifungu anavijua. Leseni yangu naiambatanisha.'"

Akaiweka leseni juu ya meza. Kijitabu kimechakaa kwenye kona, kimefungwa kwa mpira.

Sikuona vizuri kwa muda. Nasema ukweli, nililia, na nililia vibaya, na karani akachungulia mlangoni akarudi.

"Mlipanga?" aliuliza daktari.

"Hapana. Wallahi, hatukupanga."

"Barua moja ningeipokea. Ningefunga faili, watu wakaruka kesho. Lakini barua mbili, kila mmoja anasema ni yeye peke yake, na zoezi ni lile lile, basi moja ni ya uongo. Na mamlaka wakiona mmoja anaongopa, watauliza wote. Wakiuliza wote, hakuna hata mmoja wenu atakayebaki na leseni. Si wewe, si yeye, si wale akina dada watatu."

"Basi irudishe ya Twiga. Ya kwangu ndiyo ya kweli."

"Siwezi kumrudishia mtu barua yake. Mwenyewe tu ndiye anayeruhusiwa kuiondoa, kabla sijasaini." Akatazama saa. "Tangu saa mbili na nusu nampigia simu anithibitishie ni yake. Mkewe anasema ametoka na wajukuu na simu ameiacha mezani. Mimi nasaini saa tatu. Mamlaka wanasubiri."

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika sita.

Akaisukuma barua yangu mpaka ukingoni mwa meza, upande wangu. Ya Twiga akaiacha pale ilipo, na leseni juu yake.

"Ukiichukua hii ukaondoka nayo, sikuwahi kuiona," alisema. "Watu thelathini na saba wanarudi kazini, na wewe unabaki kapteni. Yeye ndiye anayebaki kuwa mtu aliyewadanganya wenzake. Jina lake litaandikwa hivyo, na halifutiki. Ukiiacha, nitazipeleka zote mbili, kwa kuwa sina jinsi."

Nilishika kona ya barua yangu kwa vidole viwili.

"Kapteni," alisema daktari, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. "Unaiondoa au unaiacha?"

Dakika nne zilikuwa zimebaki; nilichomjibu nitakieleza wiki ijayo.